Safari Hii Utangulie, Monsinyori Selestini

Mwaka umezunguka, Monsinyori Selestini, tangu ulipotuaga kwenye kile kitanda chako cha kamba kule Ilagala. Tulikuwa tumejiandaa kukuandikia maneno ya utulivu, tuseme umepumzika. Lakini hukupenda kudanganywa hata ulipokuwa hoi, na sasa pia hatutakudanganya. Ziwa linapanda, mzee wetu, na limeshafika karibu na kaburi lako.

Aliyeona wa kwanza ni dada yako mdogo, Agnesi. Alitoka nyumbani kwake Katubuka kuja kupalilia maua yako kabla ya Pasaka, akaukuta ule mchikichi uliokuwa ukiutundikia nyavu umesimama majini. Akachomeka kijiti pale maji yalipoishia. Aliporudi, kijiti hakikuonekana. Tangu siku hiyo moyo wake haujatulia. Mvua ikianza tu anashika rozari, na ukimwita haitiki.

Wewe ndiye uliyetaka kulala pale. Askofu alikuwa na nafasi yako kwenye makaburi ya mapadre mjini, ukamwambia hapana, nizikeni lilipokuwa kanisa la zamani, nisikie watu wanavyobishana bei ya dagaa. Tukacheka, tukakutii. Ufuo ulikuwa mkavu na mpana, vijana wanachezea mpira. Katika pilikapilika za msiba hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini kanisa lile linaitwa la zamani.

Agnesi ndiye aliyepaswa kukumbuka, na sasa anakumbuka kila kitu. Alikuwa msichana wa shule, amekuja kukupikia, miaka michache baada ya Uhuru. Wamisionari wazungu walikuwa ndiyo kwanza wamekukabidhi parokia ya mwambao, Mwafrika wa kwanza kuishika, na watu walijaa misani kukutazama kama utaweza. Jambo la kwanza ulilofanya ni kutundika funguo za kanisa kwenye msumari nje ya mlango. Makatekista wakashtuka. Ukawaambia mwenye nyumba habishi hodi kwake, na wao wote ndio wenye nyumba.

Halafu ziwa likapanda. Mabenchi yakaelea, altare ikalowa, ukaletewa ujumbe kwamba uhamie mlimani haraka. Ukakataa. "Mchungaji hakimbii kabla ya kundi," ulisema, ukabaki mpaka kaya ya mwisho. Kaya hiyo ilikuwa ya Bi Shadia, jirani yetu Mwislamu, aliyeshikwa na uchungu siku hiyohiyo. Ulikaa barazani kwake umepandisha kanzu magotini, ukiwafokea wanaume walete mtumbwi. Mtoto aliyezaliwa ndiye Hamdani, ambaye mpaka leo nyumba yake iko hatua chache kutoka kaburini kwako, na ndiye anayelifagia.

Basi Castory, mtoto wa mdogo wako wa kiume, amehangaika mpaka kibali cha kukufukua kikatoka. Alikileta Katubuka, akamkuta shangazi yake anachambua migebuka, samaki wako wale.

"Shangazi, tumpeleke Baba Mkubwa mjini kwa mapadre wenzake. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Huyo hakutoka pale watu walipokuwa wanatoka," Agnesi akajibu. "Leo ndiyo mumtoe kwa majembe?"

"Na maji yakimchukua?"

 Agnesi aliendelea kuchambua samaki. Hakulitaka jembe, na maji aliyaogopa pia. Kesho yake akaja Ilagala aone mwenyewe ni lipi linaloogopesha zaidi.

Alikuta nyumba za pembeni zimebaki matofali matupu, watu wamehama na mabati yao. Kwa Hamdani tu ndiko kulikofuka moshi. Maji yameingia uani, vitanda vimeinuliwa juu ya matofali, na wajukuu wamekatazwa kushuka kwa kuwa mamba ameonekana karibu na choo.

"Hamdani, mbona hujahama?"

"Shikamoo, dada. Nihame, Padre nimwachie nani?"

"Na hawa watoto?"

"Yeye hakumwacha mama yangu. Watu wote walikuwa wameondoka, akakaa naye. Mimi nitaondokaje nimwache na maji?"

Agnesi alikaa kitako juu ya kinu kilichopinduliwa. Alikuwa amekuja kulilinda kaburi, na mbele yake kuna watoto wanne juu ya kitanda, miguu imekunjwa, wanamtazama. Anasema alisikia kabisa sauti yako, ile ya kuwafokea wanaume walete mtumbwi, na safari hii ilikuwa inamfokea yeye.

"Akitoka yeye, utatoka?"

"Siku hiyohiyo, dada. Hata sitanawa udongo."

Agnesi akampigia simu Castory palepale. Alimwambia alete majembe, ila mjini hapana.

Kwa hiyo tunakuarifu, Monsinyori, na wote wanaosoma hapa wajue. Jumamosi hii, baada ya misa ya kukuombea, tutakuhamishia mlimani kwenye lile kanisa ulilolijenga baada ya mafuriko. Kelele za soko la dagaa zinafika mpaka huko, tumesikiliza. Hamdani ameomba kushika jeneza upande wa mbele, na vitanda vya wajukuu wake vitapanda nyuma yako. Tunaogopa, hatukufichi. Wingu limetanda tangu juzi upande wa Kongo, na Agnesi anatoka nje kila mara kulitazama. Tuombee mvua itusubiri.

Ulizoea kutoka wa mwisho. Safari hii utusamehe, utangulie wewe, ili waliobaki kwa ajili yako wapate kuondoka.

Unakumbukwa na dada yako Agnesi. Wadogo zako Telesphory na Merina. Watoto wa ndugu zako, Castory, Scola, Bariki na Rahabu. Wajukuu wote wa Katubuka na Ilagala. Waamini wa mwambao. Na Hamdani, mtoto wa Bi Shadia, pamoja na nyumba yake nzima.

Hatutakusahau kamwe, popote tutakapokulaza.