Kisima cha Mama Lokwang

Mjukuu wangu Akiru,

Nakusalimu kutoka hapa Overport, Durban. Sisi wazima. Baba yako amepandishwa cheo tena chuoni, na majirani wote nimeshawaambia.

Umeuliza kama ni kweli Lodwar ya zamani watu walipigania maji. Jumapili tulikaa sisi watu wa Lodwar tulioko huku, tukikumbuka mji wetu, na mzee Ekal akasema walipigana kila siku. Nikamwambia, "Wewe ulichunga ngamia mbali. Mimi ndiye niliyechota." Wakacheka.

Walipigana, ndiyo. Lakini kiangazi kimoja mto ulipokauka, kila familia ilichimba kisima chake kwenye mchanga wa mto. Mwanangu wa kwanza alikuwa mgongoni, anachemka homa. Nikachimba kwa pupa, kuta zikaporomoka. Nikaanza upya, zikaporomoka tena. Kando yangu alichimba Mama Lokwang, ambaye hatukuwa tukisalimiana naye kwa ugomvi wa mbuzi.

"Unachimba kama fisi," akaniambia. Kisha akatoka kisimani mwake. "Shuka uchote. Na usimwage."

Nilimlowesha mtoto kichwa, nikamnywesha, mpaka akalia kwa nguvu. Mama Lokwang alisimama juu na kibuyu kitupu, akingoja maji yajae tena.

Kesho yake bado hatukusalimiana. Ila nilikuta kisima changu kimeshachimbwa, kuta zimeshindiliwa vizuri.

Mtoto huyo ndiye baba yako, profesa mzima. Ukija likizo ukamkuta anapiga mswaki bomba likitiririka, mwambie nimesema afunge.

Ni mimi, nyanya yako wa Durban.