Kamba za Parachuti ya Eivind

Ragna, uko? Mdogo wangu Eivind ameruka na parachuti kutoka juu ya mlima Kjerag, akagonga mwamba. Yuko hai. Usinipigie, siwezi kuongea.

Asubuhi alikunja parachuti yake mwenyewe, kama wafanyavyo warukaji wote. Alipomaliza nikauona ule mpira mdogo wa kushikia kamba umebaki kwenye nyasi. Nikamwambia, "Eivind, fungua, anza upya." Akasema, "Dada, basi la kupanda mlimani linaondoka."

Kisa basi, Ragna! Basi!

Aliporuka, kamba moja ikapita juu ya parachuti, ikamgeuza akaelekea mwambani. Alipaswa kuiachia ile kamba ili parachuti inyooke. Yeye akaivuta. Na parachuti ya akiba warukaji wa mlimani hawabebi.

Helikopta ilimtoa. Nyonga imevunjika, mguu wa kushoto hausikii chochote. Unajua neno lake la kwanza hospitalini? "Dada, parachuti imechanika?"

Parachuti! Siyo mguu. Parachuti.

Nikarudi kwenye hema letu, walikoirudisha parachuti, nikachukua mkasi, nikakata kamba zake zote. Nilipomwambia, akacheka. "Nimeshaagiza nyingine. Nyepesi zaidi."

Mama analia, anataka nimwombe Eivind radhi. Siombi. Leo siombi, na siku tutakayomzika pia siombi.