Bibi Harusi Aliyefutwa na Kompyuta

Kimamba

Shikamoo Bibi, mke mwenzangu. Tembo wa kwenye kadi hii nimemnunua Mikumi, lakini harusi ya Rehema ilikuwa hapa Kimamba, jua la utosini, mpaka soda zikawa moto kama chai.

Kwa kuwa miguu ilikuzuia kuja, ulitaka video, tena fupi, maana ndefu inakusinzisha. Leo tumemfuata mpiga video dukani kwake. Kompyuta yake mpya inafupisha yenyewe: inapitia harusi nzima, penye kelele na mtikisiko inabakiza, penye utulivu inatupa. Tukakaa kutazama. Shangazi Mwajuma yumo mwanzo hadi mwisho, anacheza jasho likimtiririka. Hata mbuzi aliyekata kamba yumo.

Mama akauliza, "Bibi harusi yuko wapi?"

Mpiga video akajikuna kichwa. "Mama, hakutikisika hata kidogo. Kompyuta imemchukulia kama kiti."

Tulicheka mpaka machozi, ila Rehema akanuna. "Bibi ndiye aliyenionya nisiinue macho wala nisicheke. Nimemtii, na sasa hataniona!"

Basi nakuletea video nzima, Bibi wangu, na usingizi uuvumilie. Ukifika mahali picha imetulia kama imeganda, usidhani umeme umesumbua. Sogea karibu umtazame vizuri mjukuu wako. Hapo anakutii.

Nimekukumbuka mpaka kwenye ukoko wa pilau.

Mke mwenzio,
Tatu