Mabomu Yaliyoishia Baharini

Jumatatu, 4 Oktoba 1943
Safari ya mia mbili thelathini na mbili. Tulifika juu ya kisiwa saa sita mchana. Hakuna meli, hakuna mzinga. Wanawake tu, foleni ya maji pale gatini. Thölke, rubani wetu, akaniuliza: "Anselm, mimi naona ndoo. Wewe je?" Nikasema ndoo. Akageuza ndege. Kitufe cha mabomu nilibonyeza mimi, tukiwa mbali baharini—basi! Tumeandika kwamba injini ya kushoto ilichemka.

Jumanne, 5 Oktoba
Meja Wasmuth, mkuu wa kikosi chetu, kamhoji fundi. Injini nzima! Ndege iliyorudi bure inamharibia rekodi, naye anaumwa koo—ndivyo tunavyomsema yeyote anayeutamani msalaba wa shingoni, nishani ya ushujaa. Wangu ninao tangu Machi. Gerke wa redio kacheka hadi supu ikamwagika: "Mwazime wako, mzee, labda atapona!"

Jumatano, 6 Oktoba
Meja kaniita. Karatasi imeshaandikwa: Thölke aliogopa, akakimbia. Imebaki sahihi yangu tu. Nikitia, Thölke anapigwa risasi. Ana miaka ishirini na mbili, mkewe mjamzito yuko Bremen.
"Wewe una msalaba, hakuna wa kukugusa," akasema, tena kwa upole. "Mwachie yeye mzigo."
"Bwana Meja, mabomu niliyaangusha mimi. Niandike mimi."
Akapiga meza. Apige! Sitii sahihi, hata anivue cheo. Koventri nilibonyeza, London nilibonyeza, sikuuliza chini kuna nani. Hayo ndiyo yaliyonivisha msalaba. Naona haya, na nimechelewa sana kuona haya.

Alhamisi, 7 Oktoba
Thölke yuko mahabusu. Meja katangaza mbele ya wote: leo anarusha ndege mwenyewe, kisiwa kilekile, saa ileile, mlenga mabomu mimi. Kisha kaninong'oneza: "Yaangushe pale gatini, nami naichana karatasi."
Anadhani kanibana! Nimeandika karatasi yangu: injini ilikuwa nzima, mabomu niliyatupa mimi kwa kusudi, rubani hana kosa. Jina, cheo, sahihi. Gerke kaificha ndani ya buti lake, ataifikisha kwa hakimu wa jeshi. Hakucheka safari hii. Kasema tu, "Mzee, watakuua wewe." Najua.
Injini zimeshawashwa. Meja yuko kwenye usukani, ananipungia mkono nifanye haraka. Hadi kisiwani ni dakika arobaini, njia nzima ni bahari, na kitufe kiko mkononi mwangu.