Mkunga wa Sebuleni

Chamwino,
Alhamisi, 12 Machi

Mpendwa dada Ursula,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Ludovick na wadogo wa Evelina, na kwamba mtama mmeshaupalilia. Sisi huku tunapumua. Utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Kwa simu nimeshakudanganya mara moja, na najijua, ningedanganya tena. Ndiyo maana nimemwomba Tumsifu, jirani yangu anayekuja Haneti kesho, akukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Yule samaki wangu unamkumbuka. Ulipokuja Krismasi ulikataa kulala sebuleni kwa sababu yake. Ulisema huyo ni nyoka, nami nikakucheka mbele ya watu, nikakueleza kwamba ni mkunga, samaki wa baharini kama wengine, ila mrefu tu. Nilimtoa Tanga akiwa mdogo wa kuenea kwenye ndoo. Ofisi ilipohamia huku nilikuja naye kwenye pipa, safari nzima nikimpulizia hewa kwa pampu ya betri. Sasa ana mita moja na nusu, na tangi lake la kioo limekula ukuta mzima wa sebule. Chumvi yake naagiza Dar es Salaam, maji nayachanganya mwenyewe kila wiki, na umeme ukikatika nawasha jenereta kwa ajili yake kabla ya kukumbuka friji. Mke sina, mtoto sina, na watu wengi huku bahari hawajaiona. Wakija kumtazama, hata mimi naonekana mtu. Nilipenda hivyo, siwezi kukuficha.

Ulipomleta Evelina mwaka jana ajifunze ushonaji, ulisema kwa mjomba wake ni kwao, hutakuwa na wasiwasi. Alimzoea samaki haraka. Nilimwekea sheria moja tu: chakula apewe kwa koleo refu, kamwe si kwa vidole. Mkunga haoni vizuri, anafuata harufu, na mkono unaonuka ngisi kwake ni ngisi. Tena akishika haachii. Ana meno mengine kooni, yanavuta ndani.

Jumamosi ile, wiki mbili zilizopita, nilikuwa na wageni wa ofisini. Evelina alikuwa amekaa mezani sebuleni, anakatakata ngisi. Bwana Matonya, mkuu wangu wa kitengo, akasema kwa koleo hata yeye angeweza kumlisha. Wakacheka. Nami nikaudhika kama mtoto, nikamwambia Evelina ampe kwa mkono, anamjua. Alinitazama kwanza. Kisha akatii, kwa kuwa mimi ni mjomba wake.

Kwa hiyo hakujikata na kisu kama nilivyokuambia kwenye simu, ukanishukuru kwa kumwahisha hospitali. Ni mkunga. Alimshika vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, na sasa vimeingia usaha mpaka kwenye mfupa. Leo asubuhi daktari amesema cha shahada hakiponi. Kitaondolewa Jumatatu, na cha kati watajaribu kukiokoa. Ana miaka kumi na saba, hivyo saini inayotakiwa ni yenu wazazi. Ni fundi cherehani huyu, dada. Najua ninachokiandika.

Ningeweza kuishia hapo, ukanilaumu kwa uzembe, yakaisha. Lakini kuna jambo lingine.

Mkunga alipomshika, kisu cha ngisi kilikuwa mezani. Nilikichukua. Yeyote anayewafuga anajua kwamba ikifika hapo unamkata kichwa, basi. Mkono wa Evelina ulikuwa majini mpaka kiwiko, maji yamekuwa mekundu, na kisu kiko mkononi mwangu. Akaniambia, "Mjomba, kata." Hata sauti hakupandisha. Nikamwambia, "Subiri, ataachia mwenyewe."

Dada, nilimwonea huruma samaki. Miaka tisa nimemlea. Nilisimama na kile kisu nikangoja, wageni wanapiga kelele, samaki anajiviringisha na kuvuta, mpaka alipoachia kwa kupenda kwake. Daktari aliponiuliza ilichukua muda gani, nilisema sekunde chache. Bwana Matonya anasema zilikuwa dakika tatu. Mishipa ya vidole ilikatikia katika dakika hizo.

Evelina hajamwambia mtu. Juzi nilimuuliza kwa nini hata wewe hajakupigia, akasema anangoja nikuambie mimi.

Njoo kabla ya Jumatatu. Sikuombi msamaha kwa karatasi. Utaniambia lolote uso kwa uso, na ukiamua kuondoka na mwanao sitakuwa na neno. Samaki hayupo tena. Jana nilimkata kichwa kwa kisu kilekile. Nilidhani ingekuwa kazi kubwa. Haikufika hata sekunde tano.

Nisalimie shemeji, ingawa najua salamu zangu atazipokea kwa shida, na watoto wote hapo nyumbani. Mungu awafikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Noeli