Mlango wa Nyuma wa Saluni Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaishiwa vitambaa vya kichwa.

Mimi ni msusi, nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya mzee mmoja anayeishi na mkewe ghorofani, mkataba wetu ni wa mdomo tu, na tulipatana vizuri hadi siku nilipopaka ukuta rangi, akashuka akaupapasa, akasema, "Binti, chumba kimependeza," na mwezi uliofuata kodi ikapanda, nikaweka kioo kikubwa, kodi ikapanda tena, nikatia vigae sakafuni kwa jasho langu mwenyewe, akavisifu mpaka nikaogopa, na kweli ikapanda, yaani kila ninachokitengeneza ndicho ninachokilipia. Basi nikajifanya mjanja, kioo nikakifunika kwa shuka, mlangoni nikaweka kiti kibovu, wateja nikawahamishia mlango wa nyuma, wakitoka na nywele zao mpya lazima wajifunge vitambaa mpaka wapite kona, na mzee akikohoa ngazini wote wanakimbilia stoo, mimi nabaki kwenye kiti kibovu nimeshika tama, na usicheke, mshauri, mteja wangu mkubwa wa huo mlango wa nyuma ni mke wake mwenyewe, anasema kodi ikipanda na bei ya kusuka itapanda, kwa hiyo yeye ndiye mlinzi wetu.

Juzi mzee akanikuta nimeshika tama, machozi yakamlengalenga, akasema, "Binti yangu, biashara imekufa, usijitese. Mwisho wa mwezi chumba nampa fundi simu, wewe ukapumzike kwa wazazi wako." Mshauri, nikisema biashara inakwenda, kodi itapaa, nikinyamaza, natoka mimi, vigae vyangu vinabaki, na kama hiyo haitoshi, Alhamisi wabunge wanakuja ukumbini kukusanya maoni kuhusu muswada wa kuwalinda wapangaji wa maduka, na wenzangu mtaa mzima wamenichagua mimi nizungumze kwa sababu eti nina mdomo, na mzee naye atakuwepo. Nitasema nini mbele yake?

Msusi wa Mlango wa Nyuma

* * *

Msusi, nimecheka, sikufichi, halafu nikakasirika kwa niaba yako. Mtu anatia vigae katika nyumba isiyo yake, kisha anatozwa kwa kuvikanyaga! Hiyo ni dhuluma, hata kama anayeifanya ni mzee mpole mwenye machozi ya karibu. Lakini na wewe dada umezidi. Umeigiza dhiki vizuri mpaka unafukuzwa kwa huruma! Wanawake wazima mnarundikana stoo na vichwa vilivyosukwa nusu, mmoja wao mke wa mwenye nyumba. Hamuoni aibu?

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujamgusa mtu kichwa, toa hilo shuka kwenye kioo. Panda juu pamoja na mama mwenye nyumba, naye aende bila kitambaa. Mwambie mzee kwamba biashara ipo, kodi hujawahi kuichelewesha, kuhama hutaki, na aliyekufikisha mlango wa nyuma ni yeye. Atafoka. Mwache afoke, mkewe yupo. Akishatulia, mwombe mkataba wa maandishi unaosema utakaa mpaka lini, kodi inaweza kupanda wakati gani, na utapewa taarifa ya miezi mingapi kabla ya kutolewa. Usimtishe kwa muswada, maana muswada bado si sheria, na wapangaji wenye mdomo wakiendelea kujificha stoo hautakuwa sheria kamwe.

Alhamisi usimseme mzee kwa ubaya, wala usihutubie. Simama ueleze habari ya rangi, kioo na vigae kama ulivyoniandikia, uone kama kuna mpangaji ukumbini atakayebaki amekaa. Kisha waombe wabunge jambo moja: alichokitengeneza mpangaji kisiwe sababu ya kumpandishia kodi.

Jumamosi niwekee nafasi, nywele zangu zimechoka. Nitaingia kwa mlango wa mbele, na nikitoka sijifungi kitambaa.