Nchi Tisa na Begi Moja

Baba Neema,

Salamu kutoka Mbulu, baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno. Nimefika salama kwa binti yetu, na makande yake ni matamu. Lakini mwenzangu, kaa chini kwanza. Jana sokoni nilimkuta fundi viatu, jirani yake Neema, anashona mikanda ya begi kubwa kama gunia la mahindi. Akasema, "Shikamoo mama, hongera! Neema anaenda kuzunguka nchi tisa peke yake, na begi hili mgongoni."

Nikakaa papo hapo, juu ya viatu vya watu.

Nyumbani nikamwuliza Neema, "Nchi tisa, unamtafuta nani?"

Akacheka. "Simtafuti mtu, mama. Naenda kuona."

Kuona tu! Mwaka mzima! Akiumwa huko nani atamjua? Akanipa daftari, ameandika kila mpaka na kila mahali pa kulala. Nilisoma polepole mpaka mwisho, nikakosa pa kumkatalia. Amesema wewe ukikataa, haendi. Ndiyo maana sikupiga simu, nimeandika, ili usijibu haraka.

Vaa koti ukienda kukamua, na Mungu akupe moyo mpole.

Mama Neema